Anaita au Anaitwa

Benchi limekaa kati ya kinyozi na kibanda cha kuchapa barua, mguu wake mmoja umeegemezwa kwenye tofali, na asubuhi ile wenyewe walikuwa wameshalijaza. Kinyozi hakuwa na kichwa cha kunyoa. Wakili, ambaye sheria zote alizijua kwa kushindwa kesi ya uzio na jirani yake, alikuwa ameshika kikombe cha kwanza. Kamusi, mwenye kibanda, aliyewahi kuendesha malori huko wanakosema Kifaransa na sasa anawatafsiria watu karatasi zao, alikuwa ameinama kama anayetafuta kitu chini. Mama Birika, muuza kahawa wao, alimmiminia bila kumtazama. Binti wa Mama Birika alikuwa amesomea udaktari huko kwa Kifaransa, akaendelea kusomea ubingwa wa watoto, akarudi nyumbani. Kamusi akazigeuza karatasi zake ziwe za Kiingereza. Hospitali alikoomba kazi ilipozisoma, ikamwambia binti aanze upya chini, pamoja na waliomaliza shule juzi. Baada ya kusumbuliwa sana ilikubali kupokea tafsiri nyingine, mradi ifike leo kabla ofisi haijafungwa.

— Mimi sikukosea, dada, alisema Kamusi. Kule anaitwa interne. Kiingereza nacho kina intern. Nimempeleka mtu na jina lake.

— Umempeleka na jina la mwenzake, alisema Mama Birika. Intani wa hapa ni yule ambaye koti lake bado lina mikunjo ya dukani. Mwanangu alishayapita hayo.

— Basi ngazi zao na zetu hazilingani.

— Hilo ungelijua kabla hujapiga mhuri.

Kinyozi alicheka puani.

— Mbona jambo jepesi. Angalieni dukani kwangu. Anayefagia nywele, anayenyoa watoto, anayeshika wembe wa ndevu. Huyo interne ni wa wembe. Mwandikie wembe.

— Hospitali haina wembe, alisema Wakili.

— Unafikiri wanapasua watu kwa kijiko?

— Kaeni mnisikilize, alisema Wakili. Hao Wafaransa wamefanya makusudi. Wameyapa majina yao sura ya Kiingereza ili daktari wao akitoroka, aonekane mwanafunzi kila aendako. Atarudi mwenyewe na aibu yake. Kwa hiyo dawa ni moja, shemeji: tupande juu. Kamusi, kile cheo cha juu kabisa kule wanakiitaje?

— Kuna chef de clinique.

— Shefu? alisema Kinyozi. Yaani asome miaka yote hiyo halafu akapike?

— Si mpishi, wewe. Ni daktari aliyekwisha kuwa bingwa, anafundisha wenzake.

— Mwandikie hicho, alisema Wakili. Nani atakwenda kuuliza?

— Mimi, alisema Mama Birika. Nitauliza watakapomfukuza.

Wakili hakukata tamaa. Akasema huenda kule miaka huhesabiwa kinyumenyume, anayeanza ndiye mkubwa. Kinyozi akaongeza kwamba ndiyo maana madaktari wao wazee huonekana wamechoka, wanakaribia kurudi chekechea. Kamusi alisema yeye aliishi kule na hakuona kitu cha namna hiyo. Wakamwambia dereva wa lori huona barabara tu.

Mama Birika aliwaacha. Alitikisa birika, akasikia imebaki kidogo. Wakati huo akafika mwanamke wasiyemjua, kilemba kimekaa upande, chupa ya chai mkononi. Alitaka kahawa ya kupeleka wodini, mama yake amelazwa tangu wiki iliyopita. Alisimama akisubiri ijazwe, akawasikiliza wakirudia ya wembe na ya shefu, kisha akauliza:

— Samahani, kaka zangu. Kule, mgonjwa akizidiwa, huyo binti alikuwa anakimbia kumwita daktari, au yeye ndiye aliyekuwa anaitwa?

Akakirudisha kilemba mahali pake.

— Nauliza kwa sababu pale wodini vyeo vyao sivijui, alisema. Wote wana makoti. Nimewajua kwa kuona nani anaita na nani anaitwa.

Kamusi alimtazama Wakili. Wakili alitazama ndani ya kikombe. Kisha wote watatu wakamgeukia Mama Birika, na yeye akaona uso wake unapata moto. Alijua viatu vya binti yake vilipasuka baridi ya kwanza. Alijua kikohozi chake kilikaa muda gani, na ni mpangaji gani aliyemwibia blanketi. Miaka yote hiyo kila alipopiga simu aliuliza kama amekula. Kazi yenyewe hakuwahi kuiuliza. Aliona udaktari ni udaktari.

Alifunga chupa ya yule mwanamke, akafuta mikono kwenye kanga, akapiga simu.

— Ukiwa kule, mtoto akizidiwa, ulikuwa unaita au unaitwa?

— Mwanzoni nilikuwa naita, mama. Baadaye nikawa naitwa. Mkubwa wangu alikuwa nyumbani kwake. Nilimpigia pale tu nilipokwama.

— Na hao waliokuwa wanakuita ni nani?

— Wauguzi. Na wale wa koti jipya.

Mama Birika aliyarudia maneno hayo kwa sauti, moja moja, kama anayemhesabia mtu mzigo. Kamusi alikuwa ameshanyanyuka.

— Huyo Kiingereza kinamwita resident, alisema. Interne nitaliacha kama lilivyo, na chini yake nitaeleza kazi yenyewe: daktari aliyehitimu, anasomea ubingwa, anaitwa kwa mtoto aliyezidiwa.

— Eleza vizuri, alisema Mama Birika. Halafu tunakwenda wote hospitali. Wakikuuliza, ujibu mwenyewe.

Kinyozi alinyoosha kikombe.

— Imekwisha, alisema Mama Birika.

Simu ilikuwa bado sikioni.

— Mama, mbona leo hujaniuliza kama nimekula?

— Nitauliza jioni, alisema. Tafuta lile koti lako, ulipige pasi.