Shangazi, Mwenye Funguo Nne

Marehemu shangazi yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba hii hii mnayoiona, enzi hizo ikiwa ya udongo na vyumba viwili. Alikuwa kifungua mimba na binti pekee. Walimfuata wadogo zake wanne wa kiume, na mkubwa wao ni baba yangu.

Alianza shule mwaka 1961, akatolewa darasa la nne ili alee wadogo zake. Mwaka 1969 babu alipoamua kujenga kwa matofali ya kuchoma, maji ya kukandia udongo aliyachota yeye mtoni, miezi mitatu mfululizo. Alizoea kututania, "Nyumba hii nimeibeba kichwani, ndiyo maana sikurefuka."

Juni 1974 aliolewa na dereva wa lori. Hawakujaliwa mtoto. Mumewe alifariki mwaka 1978, naye akarudi nyumbani na cherehani yake. Akakuta babu ameshagawa vyumba, kila mtoto wa kiume na chake, na amri kwamba visiguswe. Yeye akawekwa stoo ya jikoni, "kwa muda tu". Muda huo ulikuwa miaka arobaini na mitatu.

Alishona sare za watoto wa kijiji kizima. Kila Jumamosi alifungua vile vyumba vinne, akafagia, akaanika magodoro, akatandika mashuka aliyoyashona mwenyewe. Wenye vyumba walikuja kwenye misiba, wakaondoka siku hiyo hiyo. Jirani alipomwuliza kwa nini asihamie ndani, alishangaa kweli: "Je, wakija ghafla? Wanikute kitandani kwao?"

Mwaka 2019 bati la stoo lilioza. Alimpigia simu baba yangu, akaomba chumba chake kwa msimu wa mvua tu. Nilikuwepo, nilisikia jibu: "Dada, subiri nije tuzungumze." Wapi! Baba, hukuja. Na ninyi baba zangu wadogo mkajitia hamnazo, kila mmoja akisema asubiriwe mkubwa. Mniwie radhi, najua wasifu hausomwi hivi, lakini mlisema niandike mimi.

Alilazwa tarehe 28 Aprili 2021 kwa nimonia. Siku zote hizo aliniuliza kama magodoro yameanikwa. Alifariki tarehe 6 Mei, saa tatu asubuhi. Jana jeneza lake liliwekwa katika chumba cha baba yangu. Ndiyo mara yake ya kwanza kulala humo.

Ameacha wadogo wanne, watoto kumi na mmoja wa ndugu zake, na cherehani moja.

Haya ya mwisho hayamo kwenye karatasi mlizogawiwa. Tulipolitoa jeneza asubuhi, nilifunga milango yote minne, na kabla jeneza halijafungwa, funguo nikamwekea shangazi mkononi. Msinitafute. Atakayetaka kulala leo, stoo iko wazi, kwa muda tu.

Shangazi, pumzika kwa amani. Leo hakuna wa kumsubiri.