Intaneti Iliyompenda Fundi

"Hitilafu ya Vipindi Isiyobainika Chanzo katika Makazi ya Mteja." Hilo ndilo jina ambalo kampuni ya intaneti ililipatia tatizo la nyumbani kwa Stempu, naye alilipokea kwa heshima, maana ni mtu wa ofisi: kazi yake ni kugonga muhuri kwenye karatasi ambazo wengine wameshazisaini, na ndiyo asili ya jina lake. Lakini rufaa yake hakuipeleka kwenye kampuni. Aliipeleka kwenye benchi la mbao lililoegemea ukuta wa kibanda cha Kinyozi, pale konani, benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Jumamosi ile mchana mahakama ilikuwa imekamilika. Dereva, aliyestaafu malori lakini hajastaafu kusimulia safari, ameshika birika la kahawa kama usukani. Waziri, ambaye hajawahi kupewa wizara yoyote ila mwenyewe hajakata tamaa, amekunja nne. Kinyozi yuko kazini, amemketisha mteja mgeni kwenye kiti cha kunyolea nje ya mlango, kidevu chote povu. Stempu akaja akitembea kama mtu anayepeleka barua ya kufukuzwa kazi, na barua yenyewe ni yake.

— Imekatika tena? aliuliza Kinyozi, macho kwenye wembe.

— Jana jioni. Mama Pacha kafungua somo lake la ualimu kwenye kompyuta, taa ya kile kisanduku cha intaneti ikazimika. Kampigia fundi. Fundi kaingia, hajagusa kitu, taa hiyo, inawaka!

— Hajagusa kitu kabisa?

— Kavua viatu tu.

— Ahaa, alisema Dereva, akamimina kahawa taratibu. Kavua viatu.

Stempu alijuta kuvitaja. Viatu vile vilimkera kuliko intaneti yenyewe. Fundi alivipanga mlangoni kwa adabu, kisigino kwa kisigino, na kandambili za Stempu zilikuwa zimesogezwa pembeni kuvipisha. Nani alizisogeza? Hakuuliza. Kuna maswali mwanamume hulala nayo kwa sababu anajua akiyauliza atajibiwa.

— Tuanze mwanzo, alisema Waziri. Serikali makini huanza mwanzo. Waya ni mzima?

— Siku za nyuma kabadilisha ncha zote mbili. Kachomeka tundu hili, kahamia lile. Kazima kompyuta, kawasha. Kazima kisanduku, kasubiri, kawasha. Mambo safi, taa ya kijani imetulia. Anasema, "Mwalimu, sasa uko sawa." Anaaga. Mimi najikalia kwenye kiti changu nipumzike, hata gazeti sijalikunjua, taa imekufa!

— Waya unapita wapi?

— Chini ya zulia. Mama Pacha mwenyewe kauficha watu wasijikwae.

— Umefichwa, alisema Waziri, akitikisa kichwa. Mficha uchi hazai.

— Hilo linahusiana nini na waya?

— Nimesema umefichwa, mengine tafakari.

Kinyozi akainua wembe.

— Hebu nirudishe nyuma. Huyo Mwalimu ni nani?

— Mke wangu.

— Shemeji? Si bado hajafaulu?

— Mtihani wa mwisho ni leo, saa kumi. Anaufanyia kwenye kompyuta. Intaneti ikikatika katikati, mtihani umefutwa, arudie mwakani. Ndiyo maana asubuhi kaniambia, "Baba Pacha, intaneti ya nyumba hii siiamini tena. Naenda kuufanyia kwa dada." Na mkoba kauweka mlangoni.

— Kwa dada si kuzuri? Ndugu yake.

— Fundi anakaa jengo hilohilo. Juu ya dada.

Dereva akaweka birika chini. Hata wembe ulisimama, na mgeni akamgeuzia Stempu macho kutoka ndani ya povu, kama mtu anayechungulia dirishani.

Neno lile "Mwalimu" lilikuwa limemkaa Stempu kooni tangu siku ya kwanza. Yeye alimwita mkewe Mama Pacha tangu pacha walipozaliwa, na pacha sasa wana ndevu zao. Halafu anakuja mtu na begi la koleo, anasema "Mwalimu", na mwanamke anageuka hapohapo, kama aliyekuwa akingoja miaka yote aitwe kwa jina lake.

— Mgeni siku ya kwanza, alisema Dereva kwa huzuni, mgeni siku ya pili. Huyo fundi kaja mara ngapi?

— Hata sihesabu, mzee.

— Basi ulipaswa umpe jembe. Wahenga walishamaliza.

— Jembe la nini? Nyumba yangu yote sakafu ya saruji.

— Ndiyo kosa lako la kwanza.

— Swali la kitaifa, alisema Waziri. Mchana ukiwa kazini, inakatika?

— Haikatiki! Hapo ndipo ninapokufa mimi. Nikiwa kazini, shwari. Fundi akiwepo, shwari. Nikirudi nikakaa karibu na mke wangu, kwisha habari.

— Unakaa karibu naye kufanya nini?

— Kusoma gazeti.

— Pembeni ya kompyuta?

— Mwanga wa pale ni mzuri.

Mwanga wa pale haukuwa mzuri hata kidogo. Stempu alikitoa kile kiti sebuleni kwa mikono yake, kiti cha mbao ngumu kinachotaka watu wawili kukibeba, jioni ile aliposikia sauti ya mwanamume ikicheka ndani ya kompyuta. Ilikuwa ya mkufunzi wa chuo, mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, lakini kicheko ni kicheko. Kiti akakiweka pale ambapo mtu akiinamisha gazeti kidogo anaona skrini yote. Na fundi akija, Stempu hakai. Husimama mlangoni, mikono kifuani, kama askari wa benki, mpaka begi la koleo lifungwe na viatu viondoke.

Mgeni aliinua kidole kimoja.

— Tulia, ndugu yangu, alisema Kinyozi. Hapa niko kooni, si mahali pa mchezo. Sasa sikia, Stempu. Mimi nasema kwa mapenzi. Chini ya meza kuna nini?

— Miguu ya Mama Pacha.

— Basi! Shemeji anauchomoa waya kwa kidole gumba cha mguu. Ukikaa, anachomoa. Fundi akibisha hodi, anachomeka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaufuta wembe kwenye suruali yake. Stempu akajikuta anatazama shati lake mwenyewe.

— Kidole cha mguu hakiwezi, alisema Waziri. Hiyo ni nadharia ya kinyozi. Tazameni picha kubwa. Fundi anakaa ghorofani, ana simu. Mama Pacha ana simu. Stempu anakaa kitini, shemeji anakohoa. Fundi kule anabonyeza, huku giza. Hii ni kura ya kutokuwa na imani, na mwenye nyumba hajui hata kama bunge limeketi.

— Mama Pacha hakohoi.

— Hakohoi? Waziri akashusha mguu. Basi wana mawasiliano ya hali ya juu kuliko nilivyodhani.

— Mnazunguka mbuyu, alisema Dereva. Mimi nimeendesha magari yenye roho. Fundi katia kitu ndani ya kile kisanduku. Kinanusa. Kinamjua mwenye nyumba kwa harufu, kikimpata kinajizima.

— Kisanduku kina pua?

— Kina vitundu kwa nyuma au hakina?

— Kinavyo, alikiri Stempu.

— Unadhani vya nini? Mimi nilikuwa na lori halikubali kuwaka mke wangu akiwa ndani. Nampakia, kimya. Namshusha, linanguruma.

— Ukafanyaje, mzee?

— Tukatembea kwa miguu. Ndoa ikanoga, lori likaoza.

Mgeni aliinua kidole tena, safari hii na mkono wote, akatoa sauti ndani ya povu. Kinyozi akamrudisha kichwa nyuma kwa upole wa mtu aliyeshika chuma.

— Nikimaliza kidevu utasema, ndugu yangu. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana intaneti zinakatika.

— Mimi ningeukata huo waya, alisema Waziri. Hakuna waya, hakuna hitilafu, hakuna fundi. Kuna serikali zimetatua mambo makubwa kwa njia hiyohiyo.

— Na mtihani wa shemeji?

— Hapo tunaunda tume.

Stempu akaweka kikombe chini. Kahawa ilikuwa imepoa bila yeye kuigusa. Alikuwa ameshaamua tangu akiwa njiani. Alichokuja kutafuta benchini ni watu wa kumwambia kwamba ana akili.

— Nisikilizeni. Mke wangu haendi kwa dada. Mtihani ataufanyia nyumbani. Na mimi nitakaa kwenye kiti changu, pembeni yake, tangu swali la kwanza mpaka la mwisho. Sisinzii, siendi hata msalani. Ikizimika, nitakuwa nimemwona aliyeizima kwa macho yangu haya.

— Huyo ndiye mwanamume! alisema Dereva.

— Uongozi, alisema Waziri.

— Macho hayana pazia, alisema Kinyozi, akafuta povu la mwisho kwa taulo. Haya, mgeni wetu. Ulikuwa unasemaje?

Mgeni akajipapasa kidevu kwanza, kuhakikisha kipo. Alikuwa mtu wa makamo, mgeni mtaani, hajazoea kupewa nafasi kwenye kikao cha wenyewe.

— Samahani, jamani. Nilikuwa nauliza tu. Hicho kiti chako, fundi akija, anakikalia nani?

— Fundi hakai, alisema Stempu. Anapiga magoti kwenye kisanduku.

— Na wewe umesimama mlangoni?

— Ndiyo.

— Na mchana ukiwa kazini?

Kinyozi akaanza kukunja taulo. Waziri akakunjua nne, akaikunja upande wa pili. Dereva aliinamisha birika juu ya kikombe chake, likatoa tone moja na pumzi.

— Kahawa imekwisha, alisema, kwa sauti ya mtu aliyeokolewa.

Stempu alikuwa ameshavuka barabara.

Alimkuta Mama Pacha mlangoni, mkoba begani, funguo mkononi.

— Nimeshachelewa, Baba Pacha. Usinianzie.

— Sikuanzii. Ngoja kidogo.

Akapita moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akakaa. Taa ya kisanduku ikazimika. Akasimama. Ikapepesa, ikarudi kijani. Akakaa tena, nusu uzito, kwa unyenyekevu, kama anayekalia kiti cha mkubwa wake. Ikazimika. Akakisukuma kiti, akainua zulia. Pale ulipokuwa mguu wa nyuma, waya ulikuwa umebapa kama utepe.

Alitafuta jina la kiofisi la jambo lile. Miaka yote ile ya mihuri, na hakulipata.

Akakikumbatia kiti, akaanza kukiburuta kuelekea sebuleni. Mama Pacha alitazama waya, akatazama kiti kinavyotoka, akatazama mgongo wa mumewe. Mwalimu mzuri humwacha mwanafunzi afike kwenye jibu kwa miguu yake.

— Na wewe utakaa wapi? aliuliza mwishowe.

— Nina kazi jikoni.

— Wewe? Jikoni?

— Kuna vyombo.

Mkoba ukashuka begani. Mama Pacha akawasha kompyuta, akasogeza kiti chake mezani, akageuka.

— Nimpigie fundi akae karibu, kwa tahadhari?

Kitu kikamchoma Stempu palepale pa siku zote. Waya ulikuwa umeonekana; wivu wenyewe haukuwa na ncha za kubadilisha.

— Mpigie ukitaka, alisema kutoka jikoni. Lakini viatu avivulie kushoto. Kulia pana kandambili zangu.

Mama Pacha akacheka, kicheko kirefu, kilekile ambacho Stempu alikuwa akikitafuta kwenye skrini kwa ncha ya gazeti. Hakumpigia mtu.

— Mwalimu, saa kumi imefika, alisema Stempu.

Aligeuka hapohapo.

— Umeniitaje?

— Angalia mtihani wako.

Taa ilikaa kijani mpaka swali la mwisho. Stempu aliosha vyombo vyote, akaosha na vilivyo safi.

Jumatatu benchi lilitaka taarifa, na Stempu akatoa: hitilafu ilikuwa ya kiufundi. Dereva alisema ni kisanduku kimezoea harufu. Waziri alisema ni matokeo ya tume, ingawa haikuundwa. Kinyozi alitaka kujua kama shemeji alivaa soksi. Kampuni nayo ilifunga shauri kwa kuandika kuwa hitilafu "imekoma bila kuingiliwa".

Kilichotokea ni hiki: mume alikuwa anakalia waya wa mkewe.