Shahidi wa Bi Thelma

Katika basi la kwenda mji wa Old Saybrook, jirani yangu Bi Thelma, mwenye bustani ya waridi, alimkunjulia majibu yake ya maabara mwanamume asiyemjua kabisa. Huku kwetu ugonjwa wa Lyme, ule unaoletwa na kuumwa na kupe, ndio salamu.

"Kipimo cha kwanza kinasema ninao, cha pili kinasema sina. Daktari eti nimewahi mno kupima, damu bado haijamjua adui. Mbona magoti yameshamjua!"

"Afadhali wewe, mama," alisema yule bwana, mwindaji wa kulungu kwa mavazi yake. "Mimi nilitibiwa mwaka juzi nikapona, lakini kila nikipimwa kinasema ninao."

"Basi tubadilishane majibu."

"Uniachie na magoti yako? Thubutu!"

"Leo hanizungushi mtu. Nampelekea daktari kupe mwenyewe aliyeniuma, nilimlaza kwenye friza tangu Jumapili." Akatoa kifuko cha plastiki, akakiinua juu.

Tulikitazama sote. Kilikuwa wazi mdomo, tena kitupu.

"Alikuwa amekufa?" mwindaji aliuliza taratibu, huku akipandisha miguu kitini.

"Nilidhani hivyo," alisema Bi Thelma. "Sikumpima."

Basi likasimama. Si wote tuliokuwa tumefika, lakini tulishuka wote.