Wakubwa Watatu na Wadogo Tisa: Maneno ya Timu ya Korongo kwa Mdhamini Wake

Mgeni rasmi, Bi. Mwanamina Huzaifa, Mkurugenzi Mkuu wa Kampuni ya Nazi ya Shungwi. Maafisa mlioandamana naye. Kocha wetu Uthman. Wazazi, majirani na mashabiki mliojaa uwanjani hapa tangu saa mbili asubuhi: assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

MAKARIBISHO

Karibu Malindi, mama. Karibu uketi, nafasi si haba na nyoyo ni kunjufu. Risala hii tumeiandika sisi wachezaji tisa wadogo wa Korongo, timu ya wanawake ya mpira wa vikapu, na anayeisoma ni Zakiya, naibu nahodha. Wachezaji wetu watatu wakubwa hawakutia neno humu. Nahodha wetu, Dada Kadii Mwambire, yule aliyeketi safu ya pili na jezi nambari saba, hajaiona hata karatasi yake. Angeiona angeifuta nusu, hasa ile nusu inayomhusu yeye. Tunamwomba radhi mbele yako, kisha tunaendelea.

Umekuja kupokea mikataba tuliyotakiwa kutia saini kwa msimu mpya, wa kwanza wetu tangu turudi ligi kuu. Kabla hujaifungua, tunaomba utusikilize. Hatutakuchosha.

TULIKOTOKA

Timu hii ina miaka kumi na mitano, na Dada Kadii ana miaka kumi na mitano ndani yake. Alikuja kutoka Marafa akiwa binti wa miaka ishirini na mmoja, mrefu, mkimya, aliyejifunza kulenga kikapu kwa pete ya pipa iliyopigiliwa kwenye mkorosho nyuma ya nyumba yao. Kwa miaka yote hiyo, jina lake ndilo lililotangulia kuitwa kila timu ilipoingia uwanjani. Alitoa pasi ambazo wenzake hawakujua wamezipata mpaka mpira ulipowagusa mikono.

Mwaka juzi mambo yaliharibika. Wachezaji watano walihamia timu za mjini Nairobi, waliobaki walichoka, na Korongo ikamaliza ligi ikiwa mkiani, ikashushwa daraja. Hapo ndipo Kocha Uthman alipoletwa kuijenga upya. Yatakayofuata ametupa ruhusa tuyaseme, na tunamshukuru, kwa kuwa si kila mkubwa anayekubali kosa lake lisomwe mbele ya watu.

Siku ya kwanza ya mazoezi alimwita Dada Kadii pembeni.

"Kadii, dadangu, nakuheshimu sana. Lakini mwaka huu nataka damu changa. Nataka kuanza upya."

"Unaniuliza au unaniarifu?"

"Nakuarifu."

"Haya. Nimesikia."

Alifungua kamba za viatu vyake, akavitia mkobani, akaondoka na ndara. Hakutuaga. Baadaye alitwambia hakuiamini sauti yake. Siku hiyo hiyo waliondolewa pia Dada Phoebe na Dada Caroline, mmoja wa miaka thelathini na mitatu, mwingine thelathini na minne.

Sisi tulifurahi, mama. Haifai kusema uongo mbele ya mgeni. Tulikuwa tumetoka shuleni juzi tu, tukaona njia imefunguka. Whitney, mwenzetu wa Gede, alikuwa na miaka kumi na tisa alipopewa nafasi ya Dada Kadii ya kuupanga mchezo. Mbio zake mnazijua. Tulijiona tumeshafika.

Mechi sita za mwanzo tulishindwa tano. Tulicheza na timu ya Nakuru, tukaingia robo ya mwisho tukiwa mbele kwa alama kumi na nne, tukatoka tumefungwa kwa alama tatu. Walipotubana tulitawanyika kama waliovamiwa na nyuki, kila mmoja akitaka kuiokoa timu peke yake. Chumbani tulilaumiana mpaka Whitney akapiga benchi kwa kiganja.

"Kukimbia tunajua sote," akasema. "Nani hapa anajua kusimama?"

Kocha Uthman alikuwa mlangoni, na alisikia.

KOCHA ALIPOKWENDA MARAFA

Jumamosi iliyofuata kocha alikwenda Marafa peke yake. Alimkuta mamake Dada Kadii uani akichambua mboga ya mchunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiwe uliyemfukuza mwanangu, au ni ndugu yake?"

"Ndimi, mama."

"Basi keti ule kwanza. Mtu halaumiwi na njaa tumboni."

Alikula sima kwa mboga ile chungu, akaimaliza yote, na mama akamwonyesha njia ya shambani. Dada Kadii alikuwa akipalilia mahindi. Alimwona kocha kutoka mbali, akaendelea na jembe lake mpaka mwisho wa mstari, ndipo akanyanyua uso.

"Nilikosea," kocha alisema. "Wale watoto wana miguu. Hawana wa kuwatuliza. Njoo unisaidie."

"Nikusaidie vipi? Niwabebee maji?"

"Uwalee."

"Mimi si yaya wa mtu, Uthman. Nikija nakuja kucheza. Na siji peke yangu. Phoebe na Caroline uliwatoa siku moja nami, utawarudisha siku moja nami."

Kocha alikubali. Kisha akalisema lile gumu, na hakulizungusha: goti la kulia la Dada Kadii haliwezi tena mechi nzima, na Whitney ataendelea kuanza.

Dada Kadii aliegemea jembe lake. Alikuwa hajawahi kuanzia benchi maishani mwake. Alitwambia baadaye kwamba neno hilo lilimkata kuliko lile la kufukuzwa, kwa sababu la kufukuzwa lilikuwa uonevu, na hili lilikuwa kweli.

"Dakika ngapi?" akauliza.

"Kumi na mbili. Za mwisho."

Alilitazama shamba lake lililobakia, akaona mistari minne. "Nisubiri nimalize hapa," akasema. Kocha akavua viatu, akaomba jembe la pili.

TULIVYOJIFUNZA KUKAA PAMOJA

Wakubwa walirudi, na mwanzo haukuwa mtamu. Sisi tuliogopa kunyang'anywa nafasi, wao walihisi wamekaribishwa kwa shingo upande. Whitney hakumsalimu Dada Kadii siku mbili nzima. Siku ya tatu kocha aliwaweka uso kwa uso, mmoja ashambulie, mwingine azuie. Whitney alimpita mara moja, akampita mara mbili, akampita ya tatu, na baadhi yetu tulicheka. Mara ya nne alimkuta Dada Kadii amesimama pale pale alipokuwa akienda, mikono wazi, akaupokea mpira kama aliyetumwa kuuchukua.

"Umejuaje?" Whitney aliuliza, jasho likimtiririka.

"Unatazama unakokwenda kabla hujaenda. Macho yako yanakusengenya."

Whitney alijipangusa uso. Kisha akasema, "Shikamoo, dada," salamu aliyokuwa akidaiwa siku mbili.

"Marahaba. Chukua mpira, tuanze tena."

Tangu hapo mambo yalifunguka. Dada Caroline alitufundisha kuwania mpira unaorudi kutoka kikapuni bila kuruka ovyo, kwamba anayesimama mahali pake mapema hahitaji kuruka sana. Dada Phoebe alitukataza kuzozana na mwamuzi. Nao wakubwa walijifunza. Mchezo wa siku hizi ni wa kurusha kutoka mbali, na Dada Kadii alikuwa hajauzoea. Whitney alikaa naye kila Jumatano baada ya mazoezi, akimsahihisha kiwiko. Tulimsikia nahodha aliyecheza tangu timu izaliwe akiuliza, "Hivi sasa je? Niko sawa?" na msichana wa Gede akimjibu, "Bado kidogo, dada. Rudia."

Utu uzima dawa, wahenga walinena. Sisi tunaongeza kwamba dawa haimfai mgonjwa anayeikimbia, na kwa muda mrefu tuliikimbia.

MAFANIKIO

Katika mechi kumi na sita zilizobaki tulishinda kumi na tatu. Wenzetu wawili waliitwa kwenye kambi ya timu ya taifa ya vijana. Nasi tulifika fainali ya kupanda daraja, ikachezwa hapa hapa, dhidi ya timu ya Eldoret. Wengi wenu mlikuwapo na sauti zenu zilikauka, lakini mgeni wetu hakuwapo, kwa hiyo tunamsimulia.

Whitney aliadhibiwa kosa la nne katika robo ya tatu, na sheria ni kwamba la tano linamtoa mtu mchezoni. Kocha akamketisha, akamwingiza Dada Kadii mapema kuliko ilivyopangwa. Alicheza dakika kumi na tano. Alitupanga kwa kidole na kwa jicho, na kila tulipotaka kutawanyika alisimama na mpira mkononi mpaka tukamwona yeye, tukatulia. Zilipobaki dakika mbili tulikuwa sare, hamsini na saba kwa hamsini na saba. Tukaona anachechemea. Kocha akaomba mapumziko.

"Nitoe mimi," Dada Kadii alisema. "Mrudishe Whitney."

"Ana makosa manne, Kadii. Akikosea tena ametoka. Na wewe ndiwe uliyewatuliza."

"Wameshatulia. Sasa wanataka mwenye miguu, na mimi goti limeniambia basi." Akamgeukia Whitney, akamshika mabega. "Mchezo ni ule ule wa Jumatano."

Whitney aliingia. Kwa mpira wa kwanza aliutazama upande wa kushoto, walinzi wawili wakamwamini, naye akapita kulia na kutia kikapuni. Eldoret walisawazisha. Zikiwa zimebaki sekunde tisa alimpenya mlinzi, akavuta watu watatu, na badala ya kurusha yeye akampa Dada Phoebe, aliyekuwa amesimama peke yake chini ya kikapu. Sitini na moja kwa hamsini na tisa. Mkubwa alifunga kwa pasi ya mdogo, na hivyo ndivyo tulivyorudi ligi kuu.

Watu walipovamia uwanja, Dada Kadii alibaki benchi na taulo usoni. Tulimuuliza kama analia kwa furaha. Alisema analia kwa mambo mawili, na la pili halituhusu. Hatukumuuliza tena.

CHANGAMOTO

Sakafu ya uwanja wetu ina nyufa mbili, tumezipaka rangi nyekundu ili tuziruke. Hatuna paa, mvua ikinyesha mazoezi yanahamia kwenye ukumbi wa harusi wa jirani, kama hakuna harusi. Hayo tumeyazoea, na tumeshinda nayo.

Tusilolizoea ni barua iliyotufikia wiki mbili zilizopita kutoka ofisi zenu. Tunashukuru kwa udhamini wa miaka mitatu iliyoutaja. Lakini mstari wa nne unasema kampuni inataka timu yenye sura mpya, kwa hiyo mikataba itatolewa kwa wachezaji wasiozidi miaka ishirini na sita. Mama, tunaamini mwandishi wa mstari huo hajawahi kutuona tukicheza, na hatumlaumu. Kocha wetu alianza na wazo hilo hilo, na yeye ni mtu wa mpira.

Dada Kadii aliisoma barua hiyo mbele yetu, akaikunja vizuri. "Kama shida ni umri," akasema, "nitoeni mimi niliye mkubwa kupita wote, muwaombee Phoebe na Caroline wabaki. Wakikataliwa, basi. Nyinyi tieni saini. Msiache riziki yenu kwa ajili yetu."

Mpaka siku hiyo hatukuwa tumewahi kumkatalia nahodha wetu neno. Whitney ndiye aliyesimama.

"Dada, umetufundisha kusikia, na tunasikia. Hili hatulisikii."

"Nimesema tieni saini," Dada Kadii akarudia, akatoka. Mpaka dakika hii anadhani tulitia.

OMBI LETU

Ombi letu ni moja. Juu ya meza iliyo mbele yako ipo mikataba tisa, yenye majina yetu tisa. Tafadhali ifungue. Utaona nafasi ya saini ni tupu katika yote. Hatukufanya hivyo kwa jeuri, wala hatuna pengine pa kwenda. Tunaitaka timu hii, na tunawataka Shungwi. Ila tulikaa, tukajiuliza ni nani atakayetusimamisha siku tutakayobanwa na timu za ligi kuu, na hatukumwona miongoni mwetu. Atapatikana, pengine ni Whitney, pengine ni mwingine, lakini hajakomaa bado, na hakomai peke yake.

Chini ya mikataba hiyo tisa tumeweka mingine mitatu, tuliyoichapa wenyewe kwa maneno yale yale ya kampuni yako, hatukuongeza hata nukta. Tumeondoa mstari mmoja tu, ule wa umri, na kupunguza muda. Ni ya Kadii Mwambire, ya Phoebe na ya Caroline. Ni ya mwaka mmoja mmoja, kwa kuwa hatukuombi uwabebe wakongwe milele. Miguu yao ikisema basi, watasema wenyewe. Mmoja wao tumeshamwona akisema, mbele ya umati, zikiwa zimebaki dakika mbili.

Ukiitia mkono wako hiyo mitatu, hii tisa haitachukua hata dakika tano. Kila mmoja wetu amekuja na kalamu yake.

Tunajua kwamba tukifika hapa Dada Kadii atakuwa ameshasimama kuja kutuzuia. Dada, kwa heshima zetu zote, keti. Leo tuachie sisi.

Mgeni rasmi, Mola akulinde njiani na akurudishe kwako salama, aijaalie kampuni yako mavuno ya nazi yasiyokatika, na akupe leo wepesi wa mkono. Amina.

Ni sisi watoto wenu, wachezaji tisa wadogo wa Korongo, Malindi, tukisema kwa niaba ya wachezaji wote kumi na wawili.