Tende Zisizomo Bakulini

Shikamooni wazee wangu wote mliopo hapa. Naomba radhi, maana nitaanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, halafu ndipo nirudi kwenye salamu. Najijua: nikianza na salamu nitazimaliza na kwenda kukaa. Jambo lenyewe ni hili. Zile chenga za asubuhi mlizoonjeshwa pale mlangoni kabla ya kupanda huku juu ya paa, ambazo Bibi yangu amemwambia kila mmoja wenu kwamba siri ya utamu wake ni tende, hazina tende. Hazina hata moja. Tangu kabla ya mfungo wa Ramadhani uliopita hazijawa nayo, na aliyeziondoa ni mimi.

Nimekwisha kulisema na bado nimesimama. Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa, Mzee Mrisho. Nesi Candida wa kliniki ya kisukari. Bi Harshida, mwalimu wetu. Baba yangu na mama yangu. Akina mama mnaohitimu leo mafunzo ya kutengeneza nyumbani kifungua kinywa kisicho na wanga mwingi. Majirani wa Gerezani na wale mliokuja kutoka Upanga. Ndugu wageni waalikwa. Kama kuna niliyemruka, naomba anihesabu miongoni mwa watoto wake na anisamehe.

Aliyepaswa kusimama hapa ni Bibi yangu, Bi Hind. Mnajua aliko: yuko kwenye Umra, anatembea kwa miguu yake miwili. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Siku ile utaongea wewe, Arwa." Nikamwambia, "Bibi, mimi naogopa watu." Akasema, "Watu gani? Wale si wateja tu? Ongea nao kama wamekuja kuulizia pilipili manga."

Basi nitajaribu.

Wengi wenu mnalijua duka letu la hapo chini. Tunauza viungo, lozi, ufuta na tende, na kwa kweli tende ndizo zilizolijenga. Babu alianza na kapu moja, na hadi leo mtu akiingia kwetu, awe mteja au mdai, hutangulizwa tende kwanza. Bibi amekaa kwenye kiti kile cha nyuma ya mizani tangu alipokuwa bibi harusi. Asubuhi yake ilikuwa chai ya maziwa, mahamri, mkate wa kumimina, na sahani ya tende pembeni. Kisukari alikuwa nacho kwa miaka mingi, lakini waliishi kama majirani wasiosalimiana, kila mmoja na mlango wake.

Kisha ikaja harusi moja, na viatu vipya. Kiatu kilimchubua kidole kikubwa cha mguu na Bibi hakusikia maumivu. Ni mimi niliyeona damu kwenye soksi. Nilifurahi kwamba halalamiki, nikidhani ni kidonda kidogo. Sikujua kwamba mguu usiolalamika ndio wa kuogopwa.

Daktari alituambia bila kuzunguka. Sukari ikishuka, kidole kitabaki. Isiposhuka watakikata, na wakianza kukata hajui wataishia wapi. Bibi alikuwa ameweka nia ya Umra tangu Babu alipofariki, na mwaka huu ndio ulikuwa mwaka wake. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Daktari, nitaitufu Al-Kaaba kwa magongo?" Daktari akainamisha kichwa na kuandika dawa.

Hapo ndipo Bi Harshida alipoingia. Amekuwa mteja wetu wa iliki tangu zamani, na mume wake aliishi na kisukari hadi uzee. Alipanda ngazi kutoka dukani hadi jikoni kwetu, akamkuta Mama anakamua nazi, na kabla Mama hajaitupa chicha akamshika mkono. "Hiyo unaipeleka wapi?" Mama akasema, "Jalalani, dada. Ni chicha." Bi Harshida akasema, "Hicho ndicho kifungua kinywa cha mkwe wako."

Nani kati yetu hajawahi kutupa chicha? Nani kati yetu hajaisugulia sufuria, au kuwamwagia kuku? Mimi nimezaliwa katika nyumba inayokuna nazi kila siku, na siku ile niliiona chicha kama mtu anayeonyeshwa chumba ambacho hakujua kimo ndani ya nyumba yake. Tuliianika hapahapa mliposimama, kwenye sinia, chini ya chandarua ili kunguru wasiifikie. Jua la Dar es Salaam, ambalo tunalilaumu mwaka mzima, liliikausha hadi ikawa nyepesi, inachakarika kwenye vidole. Tukachanganya na ufuta, mbegu za maboga na lozi zilizotwangwa. Baba akapita, akachungulia sufuria, akasema, "Nafaka gani hii isiyo na nafaka?"

Kisha nikamwuliza Bi Harshida tutaishikanisha kwa kitu gani, kwa sababu kwao hawali yai na nilitaka naye aweze kula. Akaloweka mbegu za kitani, zile ndogo za kahawia, nazo zikatoa utelezi kama wa bamia. Tukapaka mchanganyiko ule kwenye sinia, mwembamba kama chapati ya maji, tukaweka moto mdogo chini na makaa machache juu ya kifuniko. Ulipopoa ukavunjika vipande vipande, ndizo hizo chenga, na kila kipande kikalia. Tulitoka kwenye kitu cha kutupwa tukapata chakula chenye sauti. Naomba mnielewe: nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nikadhani kushangaa nako nimekumaliza.

Lakini Bibi alipoonja alisema, "Mbona hamna tende?" Bi Harshida akamweleza. Bibi akasema, "Sukari ni ya kiwandani. Tende ni ya Mwenyezi Mungu. Nyumba hii itoe chakula bila tende, mgeni akionja ataona duka limefungwa." Hakuna aliyembishia, na mimi ndiye niliyeshika kisu nikazitoa kokwa, nikaziponda, nikazitia. Chenga zikang'aa. Bibi akala bakuli zima, akaomba na jingine.

Tulimnyima mahamri, tukamnyima mkate, tukamwekea bakuli la tende na kuliita dawa. Sidhani kuna nyumba nyingine mjini hapa ambayo ingefanya kosa hilo kwa moyo mkunjufu kama wetu.

Kule kliniki, mashine ya sukari ikasoma juu zaidi ya mwanzo. Nesi Candida yupo hapa, anakumbuka.

"Bibi, asubuhi unakula nini?"

"Nakula kama ndege. Chicha na mbegu."

"Sukari?"

"Nimeiacha kama nilivyouacha ujana."

"Asali?"

"Sigusi."

"Tende?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anavuta hewa. "Binti, tende si chakula. Tende ni sunna."

Nesi Candida hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema, "Sunna siigusi, Bibi. Mimi nasoma mashine tu." Kisha akaufungua mguu, na nikaona kidonda kimeanza kuingia ndani.

Siku ile nilifika nyumbani, nikazitoa kokwa tende mbele ya Bibi kama kawaida, nikazipeleka jikoni, na sikuzitia. Nilizidisha mdalasini na iliki, nikatia chumvi kidogo, nikaziacha chenga kwenye moto mpaka zikapata rangi ya tende. Tende zenyewe nilizifunga kwenye karatasi, nikateremka kwa mlango wa nyuma, nikampa Adamu na wabeba mizigo wenzake wanaopumzika kwenye mikokoteni mbele ya duka. Nikawaambia ni sadaka. Asubuhi nikaliweka bakuli na mtindi mbele ya Bibi, mikono ikinitetemeka. Akachota kijiko. Akatafuna polepole. Akasema, "Mashallah. Tende za leo zimekolea."

Nikaendelea hivyo kila siku.

Sasa naomba niseme nilichokiona, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiusafisha mguu ule, kama Nesi alivyonifundisha. Sisemi chenga zimeponya. Bibi alimeza dawa zake, alihudhuria kliniki, alikaa na mguu umeinuliwa wakati mtaa mzima ulimtaka dukani. Lakini nilikuwa nikifungua bandeji na kuikuta nyama nyekundu mahali palipokuwa peusi. Nikaona kingo za kidonda zinasogeleana kama watu waliogombana wanaotafuta njia ya kuanza kuzungumza. Siku moja nikakuta ngozi, nyembamba, ya waridi, mpya kama ya mtoto mchanga, kwenye mguu wa mwanamke aliyezeeka. Nilikaa pale sakafuni nimeushika mguu. Bibi akaniuliza, "Kuna nini?" Nikachukua bandeji safi. Nani aliyeishona? Mimi nilikuwa nafunga na kufungua bandeji tu.

Daktari alipomruhusu kusafiri, Bibi alianza kutangaza. Kila mteja aliambiwa. "Unauona mguu huu? Tende ndizo zilizouokoa." Akina mama mlipoanza kuja kujifunza, ndivyo mlivyoambiwa, na nyinyi mkaniuliza kipimo cha tende, nami nikawaambia, "Bibi anazo zake, nyie msitie." Leo mmejua kwa nini.

Ningekuwa nimemaliza hapa, kama si alasiri moja iliyotangulia safari yake. Nilikuwa nashuka na sinia kutoka huku juu, nikafika nyuma ya mlango wa stoo ya duka. Bibi na Bi Harshida walikuwa wamekaa juu ya magunia ya ufuta. Bi Harshida, nisamehe, leo ndiyo unajua kwamba nilikuwepo.

"Harshida," Bibi alisema, "mjukuu wangu mwizi."

"Kaiba nini?"

"Tende. Ananiibia kwenye bakuli langu mwenyewe."

Bi Harshida akacheka. "Umejuaje, dada Hind?"

"Nilimkuta Adamu na wenzake wanakula. Wakasema wamepewa sadaka. Sadaka sawa. Lakini zimetolewa kokwa. Wewe umezaliwa mjini hapa, ushaona wapi mbeba mizigo wa Kariakoo akatolewa kokwa?"

"Tangu lini hiyo?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Basi mwambie umemjua."

"Nimwambie nini? Yule akiona haya anajifungia chumbani. Halafu nani atanipikia, wewe? Mwache aibe."

Bi Harshida akauliza, "Na ladha yake je?"

"Harshida, nimekula tende kila siku ya maisha yangu. Kile chakula ni kama kutafuna jamvi."

"Na wewe unamwambia kitamu."

"Namwambia kitamu. Mtoto anakiweka mezani mikono inamtetemeka. Ungekuwa wewe ungemwambia nini?"

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zangu, nilirudi juu na sinia langu, nikasimama hapa katikati ya kamba za nguo. Kila asubuhi nilidhani namdanganya mzee kwa ajili ya mguu wake, kumbe kila asubuhi yeye alikuwa ameketi mbele yangu, anatafuna jamvi, anamshukuru Mungu kwa tende ambazo alijua hazimo, ili mimi nipate ujasiri wa kuliweka tena bakuli kesho. Aliacha kitu alichokipenda kuliko vyote na hakumruhusu mtu amhurumie. Je, shuleni kuna somo la jambo kama hilo? Mimi sikulipata.

Akina mama wahitimu, sisemi mfiche chakula cha wazee wenu. Mimi nilibahatika, mwingine angeweza kuharibu. Waulizeni Nesi Candida na wenzake, pimeni, semeni ukweli mezani. Ila mkiona mtu wenu anakula bila kulalamika kitu mlichompikia kwa hofu, mtazameni vizuri. Huenda yeye ndiye anayewalea.

Nakushukuru, Bi Harshida, kwa kuushika mkono wa Mama yangu kabla chicha haijafika jalalani. Nakushukuru, Nesi Candida, kwa kusoma mashine na kutoigusa sunna. Baba, nakushukuru, najua umezisikia tende zako za dukani zilivyokwenda, na ninaona unajizuia kucheka.

Juzi Bibi alipiga simu kutoka Madina. Alisema ametembea mpaka wenzake wakaomba kupumzika. Kisha akasema, "Nimenunua tende za ajwa, nimezichagua kwa mkono wangu. Nikirudi utazitia humo." Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Nikasikia watu wengi wanapita nyuma yake. Akasema, "Na utawagawia na wale wa kwenye mikokoteni, za sadaka. Za Madina hawajapata."

Kwa hiyo nawaomba, nyote, kuanzia Mheshimiwa hadi watoto waliokaa pale kwenye ngazi. Najua Kariakoo siri haifiki kona ya pili ikiwa bado siri, lakini hii nawaomba ifike na isimame. Bibi akirudi, akakaa kwenye kiti chake, akaunyoosha mguu na kuwaambia kwamba ni tende, semeni mashallah. Msimwambie kwamba hazimo, hilo analijua. Msimwambie kwamba mimi najua kwamba anajua. Hilo tu. Kesho yake asubuhi nitamwekea bakuli, naye atasema zimekolea, na nataka kumsikia akisema hivyo kwa miaka mingi.

Nawashukuru kwa masikio mliyonipa leo, na nawashukuru mapema kwa midomo mtakayoifunga.