Bwana Masikitiko na Komeo la Ukumbi

Tak. Ndiyo sauti ya komeo la ukumbi mkubwa wa mikutano, na ndiyo itakayonikumbusha mkuu wa kitengo chetu cha matamko, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia sekretarieti ya jumuiya yetu kwa miaka thelathini na mmoja.

Kwa wasiolijua jengo hili: nchi isiyo mwanachama ikivunja sheria, mlango wa ukumbi huachwa wazi na wapiga picha huingia. Mwanachama akifanya lile lile, mlango hufungwa kwa komeo na chai huagizwa. Mzee wetu aliisikia tak hiyo akiwa mezani kwake, upande wa pili wa korido, na kabla mjumbe hajamfikia alikuwa ameshaandika "tumesikitishwa." Mlango ukibaki wazi, aliandika "tunalaani vikali." Ndipo wenzake wakambatiza Bwana Masikitiko. Anasema hata mkewe humwita hivyo akichelewa kuomba radhi.

Alianza kama mfasiri. Matamko yaliyopita mikononi mwake hayahesabiki, na lililowahi kuzua balaa ni moja tu. Wiki hiyo nchi mbili zilifunga mipaka kuwazuia wakimbizi, moja mwanachama, nyingine jirani asiye mwanachama. Katika pilika za kuchapa matamko hayo mawili, majina yakabadilishana nafasi: mwanachama akalaaniwa vikali, jirani akasikitikiwa. Balozi wa nchi mwanachama alikuja mbio, jasho likimtoka, akiuliza nani kamvua nguo hadharani. Bwana Masikitiko aliyasoma yote mawili taratibu, akamjibu, "Mheshimiwa, nimetafuta uongo humu, sijauona."

Utani huo ulimpeleka chumba cha kumbukumbu, chini kabisa ya jengo, kwa miaka miwili. Aliporudi hakuyachanganya tena.

Sisi vijana alitufundisha kufuta sifa zisizo na kazi na kusoma sentensi kwa sauti kabla ya kuisaini. Nilimbishia sana. Yeye alishikilia kwamba wa nyumbani humsemi mbele za watu, maana kesho unaihitaji kura yake. Mimi nilisema mkimbizi aliyekwama mpakani haulizi nani mwanachama. Alicheka, akasema, "Binti yangu, huko chini kuna baridi na hakuna dirisha."

Mzee wetu, asante kwa uvumilivu, kwa kalamu safi na kwa vicheko vya korido. Ukapumzike, ulime bustani yako, na mama asipate sababu ya kukuita lile jina.

Jumatatu komeo liligonga tena. Mwanachama amefungia magazeti, kama jirani alivyofanya mwaka jana, na huyo jirani tulimlaani mchana kweupe. Kuandika sasa ni zamu yangu. Nimeandika "tunalaani vikali." Bwana Masikitiko alilisoma tamko langu hadi mwisho, hakugusa neno, kisha akaenda kabatini kwake akanitolea sweta alilokuwa akivaa kule chini. Tamko nimelipeleka kwa Katibu Mkuu leo asubuhi.