Mama Sekunde na Chupa Isiyojaa

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Mama Sekunde, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1974, akasomea kazi ya maabara, na Januari 1978 akaajiriwa katika hospitali ya wilaya. Hakuhama hapo mpaka alipostaafu mwaka 2016.

Kazi yake ilikuwa kupima damu inachukua muda gani kuganda. Aliinamisha kichupa ndani ya maji ya uvuguvugu, saa ya kubonyeza mkononi, akihesabu sekunde kwa sauti. Damu ikiganda kwenye kumi na mbili, kama ya mtu mwenye afya, alichungulia dirishani na kumwambia mwenye damu: "Kumi na mbili. Huna kosa, nenda nyumbani."

Chupa isiyojaa hadi mstarini aliirudisha.

"Mama, si damu ni damu tu?" muuguzi mmoja alinung'unika.

"Damu ni damu, mwanangu, lakini dawa ya kuzuia kuganda iliyomo humo imepimiwa chupa iliyojaa. Ukiniletea nusu, itachelewa kuganda, nami nitamdanganya daktari."

Tarehe 6 Desemba 1980 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, aliyekuwa amekwenda dirishani pale mara nne kupimwa damu isiyo na ugonjwa wowote. Mumewe alitangulia mwaka 2011.

Mwaka 2018 aliwekewa valvu bandia ya moyo, akaanza kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Tarehe 3 Juni mwaka huu, alipokwenda kupimwa, mishipa iligoma. Alichomwa mara tatu, chupa ikafika nusu. Binti yake mkubwa aliiona, akamwonea huruma, hakutaka achomwe tena.

"Imejaa?" mama aliuliza, macho kayafumba.

"Imejaa, mama."

Majibu yalisema damu ni nyepesi kupita kiasi, dawa ikasimamishwa. Siku ya tano damu ikaganda, akapata kiharusi. Daktari alisema hakuna awezaye kujua kama ni chupa ile. Maneno hayo hayakumtuliza binti. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote. Mama hakuweza tena kuongea. Alimshika kiganja, akawa anakigonga kwa kidole, taratibu. Binti alihesabu. Kwenye kumi na mbili kidole kilitulia.

Alifariki tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake wa kike, na wauguzi wengi wanaojaza chupa hadi mstarini.

Umehesabu vya kutosha, mama. Pumzika kwa amani.